Kabla Hujamwita Mtu Msaliti

Ndugu msomaji, wahenga hawakukosea waliponena kwamba ulimi hauna mfupa. Muhula uliopita ulimi wangu ulinipatia zawadi ya kamusi mpya kabisa, na jioni ya siku hiyo hiyo ukaniliza. Naomba uniazime masikio nikusimulie ilivyokuwa, kisha nitoe maoni yangu. Ukikubaliana nami, vyema. Usipokubali, chama chetu bado kina midahalo, tukutane huko.

Wengi wenu mlikuwapo ukumbini siku ile. Hoja iliyokuwa mezani ilisema kwamba Waafrika waliobeba bunduki za Malkia wa Uingereza wakati wa vita vya Mau Mau walikuwa wasaliti. Kura ilinitupa upande wa watetezi wa hoja. Nami, kwa vile napenda kushangiliwa, nilijitayarisha wiki nzima. Nikapanda jukwaani, nikamwaga cheche. Mwisho nikasema kwamba mtu aliyekula mshahara wa mkoloni huku wenzake wakifa msituni hastahili hata kaburi lenye jina. Mnakumbuka vile ukumbi ulivyolipuka! Madawati yalipigwa, vifijo vikapaa, na waamuzi wakanipa ushindi.

Nilipanda matatu hadi Changamwe nikiwa kama nimeota mbawa. Nilimkuta bibi yangu amekaa kibarazani, ana ungo mapajani, anachambua mchele. Nikamsimulia yote, hata ile sentensi ya mwisho nikairudia kwa sauti ile ile ya jukwaani. Bibi hakuinua macho. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Halafu akaniuliza polepole, "Na kaburi la babu yako lina jina, ama nimesahau?"

Sikumwelewa. Bibi akaweka ungo chini, akaingia ndani, akarudi na mkebe wa zamani wa biskuti. Ndani mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa mlikuwa na nishani. Upande mmoja ina sura ya Malkia Elizabeth. Juu yake, kwenye utepe, kuna kipande chembamba cha madini kimeandikwa KENYA. "Hii hakuivaa hata siku moja tangu tuoane," akasema bibi. "Lakini pia hakuitupa. Sasa wewe mwenye kamusi, niambie huyo ni mtu gani."

Ndugu msomaji, nililia. Nilikuwa najua babu alikuwa kuli bandarini Kilindini miaka mingi. Najua aliitwa "mzee wa Keya" na wazee wenzake pale Chaani. Kwa akili zangu za kitoto nilidhani Keya ni jina la timu ya mpira! Kumbe Keya ni jeshi. Ni herufi tatu za Kiingereza, KAR, yaani King's African Rifles, zilizotamkwa na wazee wetu kwa namna yao.

Basi hebu tulitazame jeshi hili kidogo, maana wengi wetu tunalihukumu bila kulijua. Asili yake haiko mbali na hapa. Mwaka 1895 Waingereza waliunda kikosi cha East Africa Rifles, makao yake yakiwa hapa hapa Mombasa. Mwaka 1902 kikosi hicho kiliunganishwa na vile vya Uganda na Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, likawa jeshi moja la Keya. Askari walikuwa Waafrika na wakubwa wao walikuwa Wazungu. Mwaka 1914 ni Keya hao hao waliopelekwa kuwapiga Wagiriama, watu wa Mekatilili wa Menza, nyumba zikachomwa moto. Wenzangu wa Kisauni ambao bibi zenu ni Wagiriama, hadithi hiyo mnaijua kuliko mimi. Katika vita vya pili vya dunia Keya walipigana Uhabeshi, Madagaska na Burma. Ukienda Mwembe Tayari utaiona ile sanamu ya askari Waafrika waliopigana vita vya kwanza. Tunapita pale kila siku tukikimbilia magari ya kwenda nyumbani. Nani husimama akawatazama?

Sasa tuje kwenye Mau Mau. Mwezi wa Februari 1952 binti mfalme Elizabeth alikuwa Treetops, karibu na Nyeri, baba yake alipofariki, naye akawa malkia akiwa kwenye ardhi yetu. Miezi minane tu baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Watu wa milimani walikuwa wamechoka. Ardhi yao nzuri ilikuwa mikononi mwa walowezi, nao wamebaki maskwota na vibarua. Wakala kiapo, wakaingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya.

Serikali ya kikoloni ilipambana nao kwa mikono mingi. Kulikuwa na wanajeshi walioletwa kutoka Uingereza na ndege zilizodondosha mabomu msituni. Kulikuwa na Kenya Regiment, jeshi la vijana wa walowezi. Kulikuwa na Keya, si wa Kenya peke yake, bali hata kutoka Tanganyika na Uganda. Idi Amin mwenyewe, aliyekuja kuwa rais wa Uganda, alikuwa huku akiwa askari wa Keya. Halafu kulikuwa na Homugadi, yaani Wakikuyu, Waembu na Wameru waliopewa silaha kulinda vijiji dhidi ya ndugu zao walioko msituni. Homugadi hao walipita 20,000. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, wapiganaji zaidi ya 11,000 waliuawa. Waliohukumiwa na kunyongwa walipita 1,000. Miongoni mwao ni Dedan Kimathi, aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Hiyo ndiyo vita aliyopigana babu yangu, upande ule ambao vitabu vyetu vinauonyesha kidole.

Kwa nini aliingia? Bibi anasema babu alitoka Ukambani. Baba yake alikuwa anadaiwa kodi na hana kitu. Akaja mtu wa kuandikisha, akawapanga vijana mstari, akawatazama meno, akawagonga vifua. Waliofaa wakapanda lori. Hiyo ilikuwa mapema mwaka 1952, kabla ya hali ya hatari. Hakuna aliyemwambia atapelekwa kupigana na Wakenya wenzake. Alidhani ataona meli na nchi za mbali kama wale waliorudi kutoka Burma. Alikuwa na miaka kama kumi na tisa, yaani anizidi mimi miaka miwili hivi.

Yale aliyoyafanya huko hakuyazungumza. Kitu kimoja tu alimwambia bibi, tena alimwambia baada ya kustaafu. Wakati huo serikali ilikuwa imewahamisha watu zaidi ya milioni moja wakae katika vijiji vilivyozungushiwa ua na kulindwa kwa bunduki. Wanawake walitolewa kila siku kwenda kuchimba handaki kubwa kandokando ya msitu ili wapiganaji wasipate chakula. Babu alikuwa mmoja wa waliowasimamia. Siku moja mwanamke mmoja, mwenye mtoto mgongoni, alinyoosha mkono akaonyesha chupa ya maji iliyokuwa kiunoni mwa babu. Hakusema neno, alionyesha tu. Chupa ilikuwa imejaa. Afisa alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale. Babu akageuza uso.

Ni hivyo tu. Hakumpiga, hakumpiga risasi, aligeuza uso. Lakini bibi anasema mpaka anakufa, babu hakuweza kumwona mtu akiuliza maji akamwambia ngoja. Sasa naelewa kwa nini mlangoni kwetu kulikuwa na mtungi na kikombe, kila kuli aliyepita akanywa bila ya kubisha hodi.

Basi nimefikiri sana tangu siku hiyo, na haya ndiyo maoni yangu.

Kwanza, sisemi babu yangu alikuwa shujaa. La hasha! Waliodai ardhi yao walikuwa na haki, na waliowazuia kwa bunduki walikuwa wakitetea dhuluma, hata kama hawakuijua. Kutojua hakumrudishii mtu uhai wake. Mwezi wa Juni 1953, kule Chuka, askari wa Keya waliwaua watu wapatao ishirini wasiokuwa na silaha. Afisa wao, Griffiths, alifungwa mwaka uliofuata kwa makosa ya kutesa watu. Siwezi kuyafunika mambo kama haya kwa sababu eti damu yangu imo. Mficha uchi hazai.

Pili, neno "msaliti" tunalitumia ovyo. Msaliti ni yule anayeuza kilicho chake. Kijana wa Ukambani aliyeandikwa jeshini kwa sababu ya kodi alikuwa amekula kiapo gani na nani? Mkoloni alikuwa mjanja. Alichukua kijana wa huku akampeleka kule, wa kule akamleta huku, ili anayelenga bunduki asijue lugha ya anayelengwa. Askari wa Tanganyika alijua nini kuhusu mashamba ya Nyeri? Huyo ni mwajiriwa aliyetumiwa vibaya. Ana lawama, ndiyo, lakini lawama yake si sawa na ya mlowezi wa Kenya Regiment aliyejua barabara kwamba analinda shamba la baba yake.

Tatu, hata Homugadi, ambao ndio tunaowatukana zaidi, hawakuwa watu wa namna moja. Wako walioingia kwa tamaa. Wako walioingia kwa woga, maana asiyekuwa Homugadi alihesabiwa Mau Mau. Na wako walioingia kwa uchungu. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, kule Lari, familia za Homugadi zilivamiwa na Mau Mau, makumi ya watu wakauawa, wengi wakiwa wanawake na watoto. Kisha Homugadi na askari wakalipiza, wakaua watu wengine wengi zaidi. Niambie, mtoto aliyenusurika Lari akimchukia Mau Mau, tumwite nini? Na mtoto wa aliyeuawa katika kulipiza akimchukia Homugadi, yeye je?

Nne, na hapa ndipo nataka mnisikize vizuri. Tukishughulika na yule askari mdogo, mkubwa anatuponyoka. Nani alifaidi? Waliokuwa watiifu kwa serikali walipewa vyeti. Katika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika, Machi 1957, Mkikuyu, Mmeru au Muembu asiyekuwa na cheti cha utiifu hakupiga kura. Mashamba yalipopimwa upya katika miaka hiyo, wengi waliokuwa vizuizini hawakuwapo kusema "huu ni mpaka wangu". Waliokuwapo wakajipimia. Babu yangu hakuwa miongoni mwao. Yeye alipata nishani na nauli, akaja Mombasa kubeba magunia. Aliyetoa amri alirudi kwao London akalala usingizi. Ndiyo maana nasema neno "msaliti" linamsaidia mkoloni. Linatufanya tupigane sisi kwa sisi huku yeye ametoka mlango wa nyuma.

Najua kuna wanaosema, "Aa, hayo ni mambo ya bara, sisi watu wa pwani yanatuhusu nini?" Wenzangu, tusijidanganye. Hola iko wapi kama si pwani? Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa kumi na mmoja wa Mau Mau walipigwa hadi kufa kambini Hola, na waliobeba marungu walikuwa askari jela Waafrika waliotekeleza mpango wa wakubwa wao Wazungu. Kisiwa cha Manda, kule Lamu, kilikuwa kizuizi. Mackinnon Road, ambapo basi la Nairobi linapita, palikuwa na kambi kubwa ya waliozolewa katika msako wa Nairobi wa Aprili 1954. Na kabla ya yote hayo, Januari 1947, wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli, waligoma kwa pamoja mpaka mji ukasimama. Kiongozi aliyetokea kuwasemea, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo na kuhamishwa mbali. Waliogoma walikuwa Wamijikenda, Wakamba, Wajaluo, Wakikuyu na wengineo. Vita hivi vilianza kuchemka kwenye chungu chetu pia.

Sasa nataka kuwa mkweli. Makala haya nilimpa kwanza rafiki yangu, tunayekaa dawati moja, ayasome. Kwao ni Likoni, lakini ukoo wao ulitoka Murang'a. Nyanya wa baba yake alichimba lile handaki. Alipofika pale pa chupa ya maji aliacha kusoma. Akaniambia, "Wewe umeandika vizuri, lakini usinilazimishe kusamehe kwa niaba ya mtu aliyekuwa na kiu." Nikanyamaza. Nilitaka kujitetea, nikaona sina jibu. Na bado sina. Ana haki. Mimi naweza kumwelewa babu yangu, lakini siwezi kumdai mwenzangu amwelewe. Kilichonipa moyo ni kwamba hakubadilisha dawati. Jumatatu tuliketi pamoja kama kawaida, tukagawana mahamri.

Hili ndilo jambo ambalo mdahalo wetu haukuliruhusu. Mdahalo unataka mshindi na mshinde. Lakini nchi si ukumbi wa mdahalo. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Keya wa Kenya waligeuzwa kuwa Kenya Rifles, wakapandisha bendera mpya wakiwa na buti zile zile. Waliotoka msituni nao waliambiwa wasahau yaliyopita. Mau Mau ilibaki marufuku kisheria mpaka mwaka 2003! Sanamu ya Kimathi ilisimamishwa Nairobi mwaka 2007. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa, jumla ya pauni milioni 19.9. Na mwaka 2023 Mfalme Charles alikuja Kenya, akasema maovu yale hayakuwa na kisingizio, ingawa msamaha rasmi hakuomba. Akafika mpaka Mtongwe, huku kwetu Likoni, kuwatazama wanamaji wetu. Katika safari hiyo hiyo, kule Nairobi, aliwakabidhi nishani mpya wazee wachache wa Keya waliopigana vita vya pili vya dunia. Nishani zao za kwanza hawakuwa nazo tena, maana wakati wa Mau Mau kukutwa na kitu cha Mwingereza kungeweza kukuponza.

Nilipoisikia habari hiyo nilikumbuka mkebe wa biskuti. Wengine walitupa, babu akaficha. Aliyetupa na aliyeficha, wote waliogopa. Miaka sabini ni mingi sana kwa mtu kuogopa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kwa hivyo natoa mapendekezo mawili kwa chama chetu na kwa walimu wetu wapendwa. La kwanza, hoja ile irudishwe mezani mwaka ujao, lakini ibadilishwe maneno. Badala ya kuuliza kama askari wale walikuwa wasaliti, tuulize nani anapaswa kulaumiwa zaidi, na kwa kiasi gani. Hilo ni swali gumu, halina makofi mengi, lakini lina elimu.

La pili, wazee wanakwisha. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1953 sasa amepita tisini. Kila mwanachama wa Likoni, Kisauni na Changamwe amtafute mzee mmoja mtaani kwao, awe alikuwa Keya, Mau Mau, mfungwa, mgomaji wa bandarini au mke wa mmoja wao, amsikilize na aandike. Tusimchague kwa upande aliokuwa. Tuchapishe toleo lijalo. Mzee akifa na habari zake, hata kamusi niliyoshinda haina neno la kuzirudisha.

Mimi nimeanza na bibi. Kila Jumamosi nakaa naye kibarazani, yeye ana ungo, mimi nina daftari. Na ile sentensi yangu ya kaburi lisilo na jina naifuta mbele yenu nyote, kama nilivyoitamka mbele yenu nyote. Waliofia msituni wengi hawana makaburi yenye majina, na hilo ndilo deni kubwa tulilo nalo. Halilipwi kwa kufuta majina mengine. Jina la babu lipo, limeandikwa kwenye simiti, bibi mwenyewe aliliandika kwa kijiti. Sikuwahi kulisoma vizuri. Mwezi uliopita nilikwenda nikalisafisha, nikaweka na kikombe cha maji.

Kwa hayo machache, ndugu msomaji, nakuaga. Ukinikuta kwenye mdahalo ujao nimekuwa mpole, usidhani nimeishiwa na hoja. Nimejifunza kuuliza kabla ya kuhukumu.